Talatala Nyuma ya Shapeli

Misumari bado iko ukutani. Niliiona tangu nilipokaa kwenye kiti cha plastiki, katikati ya wanawake waliokuja kumlilia Janvier, na baada ya hapo sikuweza kuangalia kitu kingine. Ni misumari mikubwa, ile ya kupigia mbao za paa, imeshika kutu na kupindwa kuelekea juu, kwenye ukuta wa matofali wa jiko la Tantine Kavira. Mtoto mmoja alikuwa ametundika sweta yake hapo. Nadhani wote wanaoingia katika parsele hii, kiwanja hiki cha mtaa wa Mbunya, wanafikiri misumari hiyo iliwekwa kwa ajili ya masweta na masufuria. Tulikuwa tunangoja mwili utoke hospitali. Mama aliyekaa kando yangu aliniuliza kama nilimfahamu marehemu tangu zamani. Nikamjibu kwamba yeye aliendesha gari, mimi nilisuka nywele, na tulikaa pamoja katika uwanja huu mwaka mmoja wa vita. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye wimbo. Watu wa Bunia hawaulizi sana habari za mwaka ule. Kila mtu anao wake.

Nilikuwa sijafika miaka ishirini. Shule niliiachia katika mwaka wa tatu wa segondere, walimu walipoacha kuja, nami sikulia sana, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimejaa mambo mengine. Nilitaka saluni. Si saluni kama ya Tantine, chumba kimoja cha mbao chenye mlango barabarani, benchi, kalenda ya zamani na harufu ya pomadi na nywele zilizounguzwa. Nilitaka saluni yenye talatala, kioo kikubwa cha kujitazamia, ukuta mzima, kulia na kushoto, mteja mmoja akiingia aonekane kama harusi nzima. Tantine Kavira, ambaye hakuwa shangazi yangu wa damu lakini alinilaza, akanilisha na kunifundisha kazi, alikuwa na talatala moja tu. Ilikuwa kubwa, inaanzia magotini mwa mtu na kupita kichwa chake, ndani ya fremu ya mbao nyekundu yenye pete za chuma mgongoni. Ilitoka Butembo pamoja naye, imefungwa ndani ya godoro, na alizoea kusema kwamba katika safari ile yeye ndiye aliyelala juu ya mizigo, godoro lilikuwa la talatala. Kila asubuhi aliifuta kwa gazeti na maji ya limao kabla hajafuta uso wake mwenyewe. Na kila kichwa kilipokwisha kusukwa, kazi yangu ilikuwa kushika kioo kidogo cha mkono nyuma ya mteja, nikiinamishe polepole, mpaka yeye akiangalia mbele ndani ya talatala aone kisogo chake. Hapo ndipo wanawake walipotabasamu. Mtu anaweza kuishi miaka yote hajaona mgongo wake, na siku anayoonyeshwa anafurahi kama ameletewa zawadi.

Janvier alipanga chumba nyuma ya saluni. Alikuwa mtu wa Djugu, wa familia ya wakulima, mrefu, mwenye aibu, ambaye mke na watoto wake walikuwa wamevuka kwenda Uganda. Kitu alichobaki nacho hakikuwa chake: gari kubwa la mizigo, limefungwa bati kila upande, bila dirisha hata moja nyuma ya kiti cha shofere. Mtu fulani wa zamani alikuwa amechora msalaba kwenye milango ya nyuma, kwa hiyo sote tuliliita Shapeli, kanisa dogo. Mwenye gari, mfanyabiashara wa sabuni na vitenge, alikuwa Aru siku barabara ilipokatika, akabaki huko. Janvier akabaki huku na ufunguo, na neno moja aliloletewa na msafiri: alilinde. Akalilinda kwa kulifanyisha kazi mjini, akibeba mapipa ya maji, unga, mabati ya watu waliohama na, zaidi ya mara moja, watu waliohama wenyewe.

Ninapoeleza jambo hili kwa vijana inabidi nisimame kidogo. Mwaka ule mji ulibadilisha watawala mara nyingi, na kila waliokuja walitaka magari. Gari lililolala barabarani halikuamka na mwenyewe. Kwa hiyo yote yaliingizwa ndani ya parsele kabla watu hawajafunga milango, na yote yaliingizwa kwa mgongo, pua ikiangalia barabara, kwa sababu risasi zikianza hakuna nafasi ya kugeuza. Ukipita Mbunya wakati wa jioni ulisikia injini zikirudi nyuma katika kila uwanja, na sauti za watu zikiimba kuya, kuya, kuya, yaani njoo, njoo. Mtoto mdogo kabisa alijua kwamba gari linaloangalia nyumba ni gari la mjinga au la mgeni.

Shapeli pekee lililala nje. Kila jioni Janvier alilisimamisha mbele ya saluni, pua kwenye njia, akazima, akaingia kula bila kuangalia mtu. Kati ya ukuta wa saluni na ukuta wa jirani palikuwa na njia ambayo gari liliingia kwa shida, na mwishoni ndio uwanja wenyewe, jiko, mbabula ya makaa, masufuria, kuku, na watoto wa wapangaji wanaocheza pale pale ambapo gari lingesimama. Sote tulidhani anaogopa kukwaruza bati la watu. Halafu siku moja, nilipokuwa nikifagia nywele, nikasikia maneno kupitia mbao za ukuta. Upande wa pili Tantine alikuwa anampakulia sombe na bugali.

"Janvier, ulianza kuendesha gari lini?"

"Tangu niko kijana, Tantine."

"Na leo parsele yangu njo inakushinda?"

Nikasikia kijiko kikiwekwa chini.

"Siku ile tulikimbia kule kwetu," alisema Janvier, "gari ilikuwa inaangalia nyumba. Batu banapanda, risasi inalia. Nikapiga marsharyeri, gari ikarudi nyuma. Nikasikia kitu chini ya gurudumu. Haikukuwa jiwe. Jiwe, miye najua namna inafanyaka."

"Ilikuwa nini?"

"Sikushuka."

Tantine akasema, "Pengine ilikuwa gunia ya mihogo."

"Pengine," alisema Janvier.

Nikasikia anaongezewa sombe. Mimi nilibaki na fagio mkononi, na nakumbuka kwamba niliangalia nywele zile sakafuni, za wanawake mbalimbali, zimechanganyika, nikashindwa kuzizoa.

Tulijaribu kumsaidia. Kwanza kwa desturi ya mji, yaani wote kwa pamoja. Wapangaji walisimama nyuma ya Shapeli, kila mmoja na mkono wake hewani, na kila mmoja na ushauri wake: kuya, kata kushoto, hapana, kushoto ingine, nyoosha, ngoja kuku! Janvier alitoa kichwa dirishani, jasho linamtoka, akasema kwa upole kwamba anasikia watu wengi lakini haoni hata mmoja. Retro ya kulia, kile kioo cha pembeni mwa gari, iliibwa zamani. Ya kushoto, upande wake, ilimwonyesha ukuta wa saluni na kipande cha uwanja. Kilichokuwa nyuma kabisa, nyuma ya ile milango ya msalaba, hakionekani kutoka popote. Akaliacha gari katikati ya njia, akashuka, akaenda kukaa kwenye benchi la saluni kama mtu anayengoja zamu ya kusukwa.

Mara ya pili nilishauri mtu mmoja tu, mimi, nisimame nyuma na kupiga bati kwa kofi, kama wanavyofanya wasaidizi wa magari ya Aru: kofi ni simama. Likaenda vizuri mpaka kuku wa jirani akaingia njiani. Nikapiga bati kwa nguvu zote za mwili wangu. Sauti ikatoka kubwa, kavu, ikapiga ukuta na kurudi. Mbunya nzima ikalala chini. Mlangoni mwa jirani mama mmoja alitoka mbio na godoro kichwani, akafika barabarani, akakumbuka kwamba ameacha watoto, akarudi na godoro hilo hilo. Mwalimu wa nyumba ya pili alikuwa ameingia chini ya meza na sahani yake ya fretini, na alipotoka bado alikuwa ameishika sawasawa, hajamwaga hata samaki mmoja.

"Weye Neema!" alifoka Tantine kutoka chini ya mbao za jiko. "Risasi ya batu ilishindwa kutuua, unataka kutumaliza na kofi?"

Watu wakacheka siku nzima, hata Janvier. Lakini jioni Shapeli lililala nje tena.

Kisha wakaja watu wenye bunduki kuliangalia. Ilikuwa mchana, nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Walilizunguka, mmoja akapiga gurudumu kwa kiatu, akauliza ni la nani. Janvier akatoka, akawaambia ni lake kulinda na injini imekufa. Mkubwa wao, kijana mwenye miwani ya jua, akamwambia sawa, kesho wataleta fundi wao alitazame. Walikwenda bila haraka. Mteja wangu aliniambia tu niache hapo, atarudi siku nyingine kwa nusu iliyobaki, na akaondoka kweli na nusu ya kichwa.

Nadhani ni kile kichwa cha nusu kilichonipa wazo. Nilikuwa bado nimeshika kioo cha mkono, sina wa kumwonyesha, nikakiinua bila sababu, na ndani ya talatala kubwa nikaona kisogo changu mwenyewe, na nyuma yake mlango, na nyuma ya mlango Shapeli. Nikatoka mbio. Nikamwambia Janvier kwamba retro yake ni kama mteja anayeangalia mbele, na kwamba kinachokosekana ni mtu wa kushika kioo nyuma. Tukitundika talatala kwenye ukuta wa jiko, upande wa kushoto, na kuiinamisha kidogo, yeye akiwa kwenye kiti ataiona ndani ya retro, na ndani ya talatala ataona mgongo wa gari na kila kitu kilicho kati ya gari na ukuta. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto. Halafu akasimama, akaenda uwanjani, akaangalia ukuta, akaangalia gari, akainamisha kichwa huku na huku.

"Inaweza," alisema. "Lakini talatala ni ya nani?"

Tantine alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Talatala yangu?" akauliza. "Mu jiko? Mu moshi? Juu ya gari ya mutu iko Aru?"

"Tantine, wakiichukua hii gari, siku ya kukimbia siye tutapanda nini?" alisema Janvier.

"Siye tutatembea. Miguu iko." Akaniangalia mimi. "Na weye, kesho utasukia batu mbele ya nini? Mbele ya sufuria?"

Tantine aliingia jikoni, akageuza maharagi, akafunika, akafunua tena. Najua alichokuwa anafikiri, kwa maana mimi pia nilikuwa nafikiri hicho hicho: talatala ile ilikuwa saluni, mbao na benchi vilikuwa kitu cha kuizungushia tu. Alipotoka alikuwa na misumari mkononi, ile iliyobaki ya paa.

"Mutaibeba jioni, mutairudisha asubuhi," alisema. "Na mutu akiivunja, aende nayo, asirudi kwangu."

Tuliibeba mimi na Janvier kama wanavyobeba mgonjwa, yeye kichwani, mimi miguuni, Tantine pembeni ameweka mkono juu yake. Tukaitundika kwa pete zake. Tukaweka kipande cha mti nyuma yake juu ili iiname. Janvier akapanda garini, akatuambia tuende kulia, hapana, chini kidogo, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye alikuwa anatuelekeza. Kisha akageuza uso kushoto, kwenye retro.

"Ninaona msalaba," alisema. "Ninaona mbabula. Ninaona miguu ya Tantine, iko na kiatu moja."

Tantine akaangalia miguu yake. Ilikuwa kweli, kiatu cha pili alikiacha jikoni. Akakunja uso, halafu akaanza kucheka, akashika ukuta. "Sasa batu bote banyamaze," alisema alipopata pumzi. "Mutu moja njo ataita. Miye." Akasimama kando ya talatala, akaita kuya, kuya, kuya, si kwa kelele, kwa sauti ya kuita mtoto aje kula. Shapeli likaja. Lilikuja polepole sana, likajaza njia, likajaza uwanja, na liliposimama kati ya bati na mbabula palibaki nafasi ya mtu kupita na sufuria. Janvier alikaa na mikono kwenye usukani, akiangalia kushoto, ndani ya retro. Wale watu waliporudi na fundi wao walikuta barabara tupu, wakaenda kutafuta gari kwingine. Mambo mengi mwaka ule yaliisha hivyo, kwa kitu kutokuwepo mbele ya macho.

Kuanzia hapo ikawa desturi yetu. Jioni talatala ilikwenda jikoni, asubuhi ilirudi saluni na alama ya moshi ambayo Tantine aliifuta kwa limao akinung'unika. Wateja walisema inawafanya waonekane weusi zaidi. Wapangaji walianza kuchania nywele pale ukutani wakingoja chai. Na Janvier, kila mara, hata akiwa ameona kila kitu ndani ya kioo, alifungua mlango, akashuka, akazunguka gari lote akiinama kuangalia magurudumu, akapanda tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala aliyemuuliza.

Asubuhi ya kukimbia ilikuja kabla hatujaishusha talatala. Milio ya risasi ilianza kwa mbali, upande wa kilima, halafu ikawa karibu. Hakuna aliyelia. Tulikuwa tumeifanya mazoezi vichwani mara nyingi mno. Milango ya msalaba ilifunguliwa kiasi tu, watu wakajipenyeza pembeni na watoto na mabulungutu, jirani na godoro lake, mwalimu. Mimi nilisukumwa mbele, karibu na Janvier. Ndani mlikuwa na giza na watu wamebanana; mtu akavuta milango na kupiga kelele, "Bote bako ndani! Twende!" Injini ilikuwa imewaka. Pua ilikuwa barabarani. Hakukuwa na sababu yoyote duniani ya kuangalia nyuma.

Aliangalia. Ilikuwa mazoea tu, kichwa kikageuka kushoto chenyewe. Nikaona uso wake umesimama, nikainama juu yake, nikaona nami: retro, na ndani ya retro talatala, na kando yake, Tantine Kavira, amepanda juu ya kigoda, amekumbatia fremu nyekundu, anahangaika kuiondoa kwenye misumari. Hakuwa ndani. Aliyesema wote wako ndani hakuwahesabu, angehesabuje katika giza lile. Uso wa Tantine ulikuwa karibu na kioo, ukionekana mara mbili, na wala hakuwa na hofu. Alikuwa na hasira, kama anapogombana na fundo la nywele.

Watu nyuma walikuwa wanapiga bati, twende, twende. Janvier alifungua mlango, akashuka.

Nimefikiria mara nyingi muda aliotumia. Haukuwa mrefu. Nilimwona kwenye retro akiingia ndani ya kioo, mdogo, akimshika Tantine kiunoni. Nilisikia Tantine akisema, "Talatala yangu! Kesho miye nitafanya kazi na nini?" na yeye akijibu, bila kupaza sauti, "Kesho, Tantine. Kesho njo tutaangalia." Akamchukua mikononi, akaja naye, akamtupia juu yangu kama mzigo wa mwisho. Tuliondoka. Tantine alikuwa na kiatu kimoja.

Tulikaa katika kambi ya karibu na uwanja wa ndege, chini ya mahema ya plastiki, tukila unga wa kugawiwa, na Shapeli lilikuwa nyumba yetu mpaka lilipokwisha mafuta na baadaye tairi. Tuliporudi Mbunya saluni ilikuwa bado imesimama. Ukutani mwa jiko palikuwa na misumari tu. Aliyeichukua talatala aliichukua kwa uangalifu, na pete zake, kwa hiyo nadhani bado iko katika nyumba ya mtu, na watu wanachania ndani yake. Tantine alikaa mbele ya ukuta ule kwa muda, halafu akaniuliza kama kioo cha mkono nimekiokoa. Nilikuwa nacho ndani ya nguo. "Basi saluni iko," alisema, na kwa miezi mingi wateja wetu walijiona kipande kipande, sikio leo, kisogo kesho.

Leo saluni yangu ina talatala ukuta mmoja mzima. Ukuta wa pili bado naungoja. Sijaacha kuota, ni kazi isiyonichosha.

Gari lililomleta Janvier kutoka hospitali lilikuwa jipya, refu, la kufungwa, na shofere alikuwa kijana mwenye kofia. Alilisimamisha njiani, akaweka marsharyeri, na likaanza kulia pi, pi, pi. Watu wa matanga wakasimama wote, mikono hewani, kuya, kata kushoto, nyoosha. Ndipo Tantine Kavira alipoinuka kwenye mkeka. Siku hizi macho yake yanaona mwanga tu, lakini uwanja wake anaujua. Akapita katikati ya watu na fimbo, akaenda mpaka kwenye dirisha la shofere.

"Mutoto, shuka kwanza uangalie."

"Mama, iko na kamera," alisema kijana kwa heshima, akamwonyesha kioo kidogo chenye picha. "Ninaona yote."

"Ninasikia. Shuka. Huyu unatuletea, yeye alikuwa anashuka."

Kijana akavua kofia, akazima ule mlio, akashuka. Akazunguka gari lote, akainama kwenye kila gurudumu. Hakukuwa na kitu, isipokuwa kandambili moja ya mtoto, ambayo aliiokota na kuiweka juu ya kizingiti cha jiko, chini ya misumari. Akapanda tena. Tantine alikuwa ameshasimama mahali pake, kando ya ukuta, mgongo umenyooka.

"Sasa, mutu moja njo ataita," alisema, na hakuna aliyebisha.

"Kuya," akaita, kwa sauti ile ile. "Kuya. Kuya."